Turubai la Bondeni

Dirk alipofariki mwaka jana, binti yake Karin alinipigia simu dukani kwangu, hapa Malvern, Johannesburg, nikiwa nimeinamia pindo la suruali ya mteja. Akaniambia baba yake hakutaka ibada ya kanisani. Alitaka watu wa zamani wa Bondeni wakutane nyumbani kwake Kensington, wale, wanywe, wapige muziki kidogo, kisha kila mtu aende zake. "Njoo, Feza," alisema. "Wewe ni mmoja wetu." Nikamjibu kwamba nitakuja. Baada ya hapo nilikaa na suruali magotini mpaka mteja akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilifanya kazi Bondeni mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mgeni katika mji huu, na Kiingereza changu kikiwa cha kuombea maji. Kuna jambo la mwaka ule ambalo sikumwambia mume wangu, wala mchungaji, wala watoto. Waliolijua walikuwa wanne pamoja nami; mmoja alishika njia yake zamani, na Dirk alikuwa wa mwisho kati ya wale wengine wawili. Mteja alipoondoka nilijiuliza kama nilichokuwa nakihisi ni huzuni au ni nafuu, na nikaona haya kwa kujiuliza.

Bondeni lilikuwa tamasha la muziki. Wenyewe walikuwa na jina lao la Kiingereza, refu kidogo, lakini sisi Wakongo wa Jules Street tuliita Bondeni kwa sababu lilifanyika kwenye shamba lililokuwa bondeni, katikati ya vilima vya Magaliesberg, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Dirk alilianzisha akiwa kijana mwenye nywele za kufika mabegani, enzi za mahipi, wakati vijana wa kizungu wa nchi hii walipokuwa wakiitwa jeshini na wengine wao hawataki. Babu yake alikuwa amemwachia shamba. Yeye na wenzake kadhaa wakaenda na magitaa, wakalala kwenye majani, wakapika maharage kwenye pipa, wakacheza siku tatu. Mwaka uliofuata wakaja wengi zaidi. Polisi nao wakaja, na mbwa, wakitafuta bangi na kutafuta watu weusi waliolala pale bila kibali. Kila wakifukuzwa walirudi majira ya kuchipua yaliyofuata. Uhuru ulipokuja, mlango ukafunguliwa kwa wote, na tamasha likafura kama unga uliotiwa hamira: wanafunzi, wazazi na vitoto vyao mgongoni, bendi za Soweto, za Maputo, hata wanamuziki wetu waliokuwa wakiishi Yeoville. Mimi nilifika katika mwaka wake mkubwa kuliko yote. Baada ya huo hapakuwa na mwingine kama huo.

Nilifikia kwa Papa Kasongo. Alikuwa fundi wa maturubai kutoka Lubumbashi, mtu mfupi, mwenye vidole vinene vilivyojaa makovu ya sindano, na karakana yake ilikuwa nyuma ya saluni moja ya kusuka nywele. Chumba kilikuwa kirefu kama behewa la treni. Kulikuwa na cherehani tatu, mojawapo nzito, ya chuma cheusi, ya kushonea turubai na ngozi, ambayo mlio wake ulitikisa vioo vya saluni mpaka wenye kusukwa wakalalamika. Turubai la jukwaa la Bondeni lilipoletwa kutengenezwa lilijaza chumba chote ukuta kwa ukuta, ikabidi tuvue viatu na kutembea juu yake na soksi. Lilinuka moshi, nyasi na mvua za miaka mingi. Papa Kasongo alikuwa akilitunza tangu alipofika Johannesburg, na alilijua kama mtu anavyoujua mwili wa ng'ombe wake: hapa lilichanika, hapa panya walikula, hapa mlevi fulani alizima sigara.

Dirk alikuja mara mbili au tatu kwa wiki na kombi lake bovu. Wakati ule alikuwa tayari mtu wa makamo, nywele zimekatika mbele lakini za nyuma bado amezifunga mkia. Alivua viatu, akakaa chini nasi, na Mama Kasongo alipoleta chakula saa saba alinawa na kula bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono bila kuonyeshwa. Nilimpenda kwa hilo. Mara nyingi alikuja na Ntate Elias, mpiga ngoma kutoka Alexandra, ambaye alikuwa amepiga Bondeni tangu tamasha la kwanza kabisa. Wote tulimwita Ntate, kama Wasotho wanavyomwita baba. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyekula polepole na kufuta sahani kwa kipande cha mwisho cha bukari. Dirk alipenda kutusimulia jinsi walivyokuwa wakimwingiza shambani, amelala kwenye buti la gari chini ya mablanketi, na jinsi walivyompumbaza askari mmoja kwenye kizuizi kwa kumpa keki. Alicheka mwenyewe mpaka akatoa machozi.

"Tulikuwa huru, Feza," aliniambia siku moja. "Nchi nzima ilikuwa jela, lakini siku tatu kwa mwaka, pale bondeni, tulikuwa huru."

Ntate Elias aliendelea kutafuna. Dirk alipotoka kwenda kupakia kamba kwenye kombi, mzee alisema kwa sauti ya chini, kama anayesahihisha hesabu ya mtoto, "Yeye alikuwa huru. Mimi nililala zizini ili mbwa wasininuse. Asubuhi nilipiga ngoma nikiwa na kinyesi cha ng'ombe kwenye suruali."

"Mbona uliendelea kwenda, Ntate?" Papa Kasongo akamuuliza.

Mzee akafuta sahani. "Kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo wangeniacha nipige mpaka nichoke."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko hadithi zote za Dirk. Watu wakizungumza leo kuhusu Bondeni, na wapo bado wanaolizungumzia kwenye simu zao, huweka picha za wasichana wenye maua kichwani. Sijawahi kuona mtu akiweka picha ya zizi.

Mwaka ule turubai liliongezwa upana, maana jukwaa lilikuwa limekuwa kubwa, na kuongeza upana ni kuongeza hatari. Papa Kasongo alinifundisha jambo hilo kwa subira. Kwenye ukuta wa nyuma wa turubai tulikata madirisha kumi na mawili, kila moja lenye pazia lake linalofunguka kwa nje. "Turubai halishindani na upepo, mwanangu," alisema huku akichora kwa chaki. "Ukilifunga pande zote, upepo ukiingia hautoki, utalibeba na nguzo zake. Upe upepo mlango wa kutokea." Tulifanya kazi ile wiki tatu. Nilishona madirisha manne mwenyewe, na alipoyakagua alivuta kila pindo kwa nguvu zake zote, kisha akaitikia kwa kichwa, ameridhika, bila kusema kitu. Ndiyo sifa kubwa niliyopata kwake.

Mtu aliyebadilisha mambo aliitwa Grant. Dirk alikuwa amemchukua kuwa mshirika kwa sababu watu walikuwa wengi mno kwa akili ya mtu anayepika maharage kwenye pipa. Grant alivaa mashati yaliyopigwa pasi na alikuwa na simu ya mkononi wakati ambapo simu hizo zilikuwa bado za kushangaza. Alileta kampuni moja ya bia kulipia jukwaa, na kampuni ikataka jina lake lionekane. Asubuhi ya siku ambayo turubai lilikuwa lipelekwe shambani, alikuja karakana na bango la kitambaa, refu kuliko chumba, lenye herufi za ukubwa wa mtu. Alitaka lishonwe juu ya ukuta wa nyuma, kona kwa kona, lisikunjamane, ili lionekane vizuri kwenye televisheni.

Papa Kasongo hakuwepo. Tangu alfajiri alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi, akingoja kugongewa muhuri kwenye karatasi yake, na ilikuwa siku yake ya pili kwenye foleni hiyo, tena kwenye mvua. Mama Kasongo alikuwa amempelekea chakula huko, nami nilikuwa peke yangu. Nilimwambia Grant kwamba bango lingeziba madirisha.

"Madirisha ya nini?" akauliza.

Nikamweleza, kwa Kiingereza changu kibovu, nikionyesha kwa mikono. Alinisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Tamasha ni siku tatu tu, na utabiri wa hewa ni mzuri. Nani fundi hapa leo?"

"Papa Kasongo."

"Nimesema leo."

Nikachukua chaki. Akatabasamu. Akasema ameona kazi yangu, kwamba mshono wangu ni safi kuliko wa mzee, na kwamba mwakani angetaka mtu wa kusimamia maturubai yote, mtu mwenye barua ya ajira inayoeleweka, ambayo hata ofisi ya wakimbizi ingeiheshimu. "Lakini nahitaji mtu anayeweza kuamua," alisema.

Nimejaribu kwa miaka mingi kusema kwamba aliniogopesha. Haikuwa hivyo. Alinifurahisha. Tangu nifike mji huu hakuna aliyekuwa amenitazama na kuona mtu wa kuamua jambo lolote. Niliwasha cherehani nzito na kushona bango lile kuanzia saa nne mpaka saa tisa, na katika pembe zake nilirudisha mshono na kuukata kwa msalaba mdogo, kama nilivyozoea, ili uzi usifumuke. Nilikuwa nashona vizuri. Katikati ya kazi Dirk aliingia kuchukua kamba. Akasimama mlangoni, akalitazama bango, akayatazama mapazia ya madirisha yakipotea chini yake moja baada ya jingine. Alijua madirisha yale ni ya nini, maana Papa Kasongo alimweleza mbele yangu.

"Grant kasema?" aliniuliza.

"Ndiyo."

Alijikuna ndevu. Kwa muda kidogo nilidhani ataniambia niache, na nilikuwa tayari kuacha. "Basi," akasema. "Mwaka huu tu, Feza." Akachukua kamba zake akaenda.

Turubai likapakiwa saa kumi. Papa Kasongo alirudi jioni amelowa, anatetemeka, macho mekundu. Mama Kasongo akampa chai ya tangawizi na kumfunika blanketi.

"Wamechukua?" aliniuliza.

"Wamechukua, Papa."

"Kuna neno?"

"Hakuna neno."

Homa ikamlaza wiki nzima. Kwa hiyo Ijumaa nilikwenda Bondeni peke yangu, nikiwa na mkasi mkubwa kiunoni na mfuko wa sindano na uzi, fundi wa zamu. Sijui kama nitaweza kueleza uzuri wa mahali pale. Vilima vilikuwa vimeanza kuwa kijani, moshi wa mioto ya kupikia ulilala chini chini, na watu walikuwa wengi hivi kwamba bonde lilivuma hata muziki ulipotulia. Mwanamke wa kizungu mwenye mvi, mmoja wa mahipi wa mwanzo, alinipa mkate na asali na kuniuliza natoka wapi, na nilipomwambia alilijua hata ziwa la kwetu Kongo. Nililala kwenye hema na wapishi. Siku ya Jumamosi asubuhi nilidhani kwamba nimepata nchi.

Saa kumi jioni Ntate Elias alikuwa jukwaani na vijana wa bendi yake. Binti yake Lerato, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa ameketi pembeni mwa jukwaa akimshikia maji. Wingu lilitokea nyuma ya vilima kwa kasi ambayo watu wa huku wanaifahamu, jeusi chini na jeupe juu. Upepo ulifika kabla ya mvua. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai, na nilipogeuka niliona ukuta wa nyuma wa turubai ukijaa kama shavu la mpiga tarumbeta, na herufi za bia zikinyooka, zikikaza. Bango halikukunjamana hata kidogo. Nilikimbia. Nilipanda nyuma ya jukwaa na kuanza kukata mshono wangu mwenyewe kwa mkasi, na kwa sababu niliushona vizuri haukutaka kukatika. Nilifungua dirisha la kwanza, upepo ukanipiga usoni kama maji. Nikafungua la pili. Kisha nikasikia kamba zikikatika juu yangu, na turubai lote likainuka, likazibeba nguzo, likaziachia.

Vijana waliruka. Mzee alikuwa amekaa, ngoma katikati ya magoti, na nguzo ya kati ikamwangukia begani na shingoni. Mvua ya mawe ikaanza. Watu wa mbali walidhani kishindo kile ni radi na waliendelea kucheza kwa muda. Lerato alikuwa amepiga magoti, amemfunika baba yake uso kwa mikono miwili ili mawe yasimpige. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake na mkasi mkononi. Hakuniona. Mzee alikata roho kabla gari la wagonjwa halijamaliza kuvuka matope.

Wiki iliyofuata wakaguzi walikuja karakana. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, pamoja na polisi mmoja, na Grant na Dirk nao walikuwepo. Mwanamke yule alitandaza kipande cha turubai juu ya meza yetu ya kukatia, bango likiwa bado limeshikana nacho. Grant alisema wao walileta kitambaa tu, na namna kilivyoshonwa ilikuwa kazi ya fundi. Alisema bila kunitazama. Mkaguzi akauliza ni nani aliyeyafunga madirisha. Papa Kasongo alikuwa ameamka siku hiyo kwa mara ya kwanza, shati linaning'inia mabegani. Alilivuta turubai karibu, akainama, akapita na kidole gumba juu ya mshono mpaka kwenye pembe, kwenye msalaba ule mdogo, na kidole kikasimama pale. Katika karakana ile hakuna mwingine aliyemalizia mshono hivyo. Hakuinua macho kunitafuta.

"Ni mkono wangu," alisema.

Dirk aliangalia sakafu. Nami nilikuwa na maneno yote tayari, niliyajua hata kwa Kiingereza: *it was me* ni maneno matatu tu. Nilingoja nafasi ya kuyasema, na nafasi ikawepo, ndefu kabisa, kwa sababu yule mwanamke aliandika polepole. Kisha akafunga daftari.

Siku hiyo tulikula mapema. Kulikuwa na bukari na ndakala, dagaa wa kwetu, za nyanya. Mama Kasongo hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliweka sahani, akakaa, akamkazia mumewe macho. "Wewe, uliyenieleza mimi habari za upepo mpaka nikachoka. Kweli uliyafunga?"

"Niliyafunga."

"Ulikuwa kwenye foleni."

"Niliyafunga usiku ule, kabla ya kwenda."

"Kwa nini?"

"Waliniomba," alisema, akamega bukari. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, mkono wangu uko ndani ya sahani ileile. Mama alinigeukia kama anayetaka shahidi. Nikachukua samaki. Mpaka leo naweza kusikia vile vichwa vya ndakala vikivunjika mdomoni mwangu.

Nilimfuata uani baadaye, alipokuwa anaosha mikono. Nilianza kusema, akanikatiza. "Duka ni langu, Feza. Kinachotoka kwenye mlango huu nimekishona mimi. Ukiwa na lako utaelewa." Hakuwa na hasira, wala hakunibembeleza. Alikausha mikono na kuingia ndani.

Tulikwenda msibani Alexandra sote watatu, yeye amevaa koti jeusi la kuazima. Nyumba ya Ntate Elias ilikuwa chumba kimoja na ua mdogo uliojaa viti vya plastiki. Tulikuwa bado getini Lerato alipotoka. Gazeti lilikuwa limeandika kuhusu fundi mgeni aliyefunga njia za upepo, na mtu alikuwa amemwonyesha ni nani. Hakupiga kelele. Alimwambia mjomba wake, akisimama mbele yetu, "Mwambieni huyo muuaji aondoke. Na amwombe Mungu nisijue anapolala." Papa Kasongo alivua kofia, akainamisha kichwa kwake, mtoto wa miaka kumi na saba, akageuka. Tulirudi Malvern. Kila robot, kila taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu.

Bondeni halikufa mara moja. Mwaka uliofuata walifanya tena, watu wakaja nusu, wakasimama kimya kidogo kwa ajili ya mzee kisha wakanywa. Kampuni ya bia ilikuwa imejitoa. Grant naye alikwenda kwenye mambo mengine, na barua yake ya ajira haikuja wala sikuiulizia. Baada ya hapo wakaja watu mia chache, wenye mvi wengi kuliko vijana, wakaketi kwenye viti vya kukunja na kusimuliana enzi zao. Mwishowe Dirk aliuza shamba, na walionunua wakajenga hoteli ya kufanyia harusi. Kwa Papa Kasongo mwisho ulikuwa wa haraka zaidi. Hakushtakiwa, lakini hakuna aliyemletea tena turubai. Alishona sare za shule, akapunguza suruali, halafu akaniuzia cherehani mbili na kurudi Lubumbashi na mkewe na watoto wao watatu. Hatukuzungumzia jambo lile tena. Alifariki miaka sita iliyopita. Nilituma rambirambi kwa simu, nikasema sina nafasi ya kusafiri.

Sasa nirudi Kensington. Nyumba ya Dirk ilikuwa na kibaraza cha mbao na sebule yenye zulia lililochakaa. Karin alikuwa amebandika picha ukuta mzima. Watu walikuwa kama thelathini, wengi wazee, mmoja na mtungi wa hewa kando yake. Walipiga magitaa, wakala mikate na jibini, wakasema Dirk alikuwa na moyo mkubwa, na ilikuwa kweli. Karibu na dirisha alisimama mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye suti ya kijivu, akitazama picha ya mpiga ngoma. Nilimjua kwa shingo. Ilikuwa shingo ya baba yake.

Nilisimama kando yake. Alinisalimia kwa adabu, akasema anaitwa Lerato, anafundisha shule ya sekondari, na kwamba Karin alimsihi sana ndiyo akaja. Nikamwambia jina langu, na kwamba nilikuwa nikishona maturubai. Uso wake ukabadilika.

"Kwa yule mzee," alisema.

"Kwa yule mzee. Lakini si yeye aliyefunga madirisha, Ausi Lerato, dada yangu. Ni mimi. Yeye alikuwa kwenye foleni ya wakimbizi. Grant aliniomba, nikashona. Dirk aliniona, akaniacha. Papa Kasongo alisema ni yeye, nami nikanyamaza."

Nilisema hivyo hivyo, bila kupamba. Nilidhani atanipiga au atalia. Watu nyuma yetu walikuwa wanaanza wimbo mwingine.

"Nilimlaani," alisema hatimaye. "Unajua hilo? Kila mwaka, siku ya kuzuru kaburi la baba. Nilimlaani yeye na watoto wake kwa majina niliyowatungia, kwa sababu sikujua majina yao. Baadaye nilijifundisha kumsamehe. Ilinichukua miaka kumsamehe. Sasa unaniambia nilimsamehe mtu asiye na kosa. Eish, mama. Haya niyapeleke wapi?"

Aliigeukia picha ya baba yake, kisha akanirudia.

"Yule mzee yuko hai?"

"Amefariki. Mke wake yupo."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla hujapata sababu."

Tulitoka kwenye kibaraza. Mama Kasongo alipokea kwenye mlio wa pili, sauti yake imezeeka lakini bado kali, akafurahi, akauliza watoto wangu mmoja mmoja. Nikamwambia nipo na binti wa Ntate Elias na kwamba ana neno kwake. Lerato hajui Kiswahili, ikabidi nitafsiri. Alizungumza taratibu, kwa vituo, kama mwalimu. Nami nikasema kwa Kiswahili, kwa kinywa changu: *Mimi nilimfukuza mume wako kwenye msiba wa baba yangu. Nilimwita muuaji. Hakuwa muuaji. Naomba unisamehe.*

"Mbona anasema hakuwa?" Mama Kasongo akauliza. "Feza? Mbona anasema hivyo?"

Lerato hakuelewa swali, lakini alinitazama kama aliyeelewa, akarudi nyuma hatua moja, akaniachia simu. Hapo nikamwambia Mama yote. Foleni, bango, dirisha la kwanza mpaka la kumi na mbili. Hakunikatiza hata mara moja, yeye ambaye hakujua kunyamaza.

"Hakuniambia," alisema. "Mpaka anakufa. Nimeishi na mtu, nikimpikia, nikijua ameua mzee wa watu kwa kutaka kupendeza wazungu. Nilimwambia hivyo siku nyingine, nikiwa na hasira. Na alikubali." Nilimsikia akipumua. "Nilimuuliza mbele yako, Feza. Ulikuwa unakula."

"Ndiyo, Mama."

Nilingoja aniambie neno lolote, hata la kunitukana. Nilisikia kiti kikisogezwa, mlango, kisha sauti yake mbali kidogo na simu ikiita watoto wake kwa majina, la mkubwa, la katikati, la yule aliyezaliwa Malvern. Nikasikia nyayo zikija. Akarudi.

"Wamefika," alisema. "Nimekuweka kwenye spika. Anza tena, tangu mwanzo, na useme jina la baba yao."